Kisiki cha Namba Saba

Jumanne ya tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Angetile, mlinzi, alifungua geti la Bustani ya Miti ya Ikolo akitokea msibani Mwaya, akakuta mti wa marehemu mke wake umelala chini.

Na hata haukulala wote. Lililokuwa chini ni gogo, refu kama mita nne, nene kama paja la mtu mzima. Kichwa cha mti, yaani matawi yote ya juu pamoja na majani yake, hakikuwepo. Kisiki kilibaki kimesimama, urefu wa goti. Pembeni yake, juu ya pumba za mpunga alizozitandaza mwenyewe kuzuia magugu, kulikuwa na tezo, shoka dogo la kuchongea. Mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Angetile hakuhitaji kuuliza ya nani. Mchonga mitumbwi mmoja tu ndiye aliyefunga mpini wake hivyo: Ambrose wa Ikombe, kaka wa Kisa, shemeji yake.

Aliinama akagusa kisiki. Kilikuwa kibichi, kinanata, kinanuka kitunguu saumu. Harufu hiyo aliisikia, akaiacha ipite. Macho yake yalikuwa kwenye tezo.

Kibao cha bati kilikuwa bado kimesimama: NAMBA 7. MTI PEKEE WA AINA YAKE ULIOBAKI. Chini yake jina la mkuu wa bustani, Bwana Ezekiel, kwa herufi kubwa. Jina la Kisa halikuwahi kuandikwa popote.

Mwaka 2014 watu wa misitu walishusha mbegu ishirini na moja kutoka Milima ya Livingstone, ambako miti ya aina ile ilikuwa imebaki mitatu. Mbegu zake zina shida moja: zikikauka, zimekufa. Haziwekwi ghalani wala kwenye chupa. Mti wa namna hiyo ukitaka uwepo kesho lazima uuweke ukiwa hai, ardhini, mahali penye mtu wa kuulinda, na hiyo ndiyo kazi ya bustani ya miti. Bwana Ezekiel, aliyeletwa kutoka Muheza mwaka uliotangulia kuja kuwa mkuu, alielezwa hayo yote kwa maandishi. Akaagiza mbegu zianikwe. Siku tatu, juani, kwenye mkeka, kama mpunga, kama kakao, kwa sababu huku Kyela kitu cha thamani kikivunwa kinaanikwa, na mkuu hakutaka kuonekana hajui mambo ya wenyeji. Mbegu ishirini zikafa. Moja ilipona kwa kuwa Kisa, mke wa mlinzi, mtu aliyeishia darasa la tatu, alikuwa ameichopoa na kuificha kwenye chungu cha udongo mbichi.

Kisa alikuwa mtoto wa wafinyanzi wa Ikombe. Viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kukuzia miche, alivichukia. "Vinaunyonga mzizi," alikuwa akisema. Miche yake aliikuza kwenye vyungu alivyovifinyanga kwa mikono yake, na siku ya kupanda alikigonga chungu kwa jiwe kikapasuka, akakitia shimoni pamoja na mche. Kila mti alioupanda Kisa una vigae chini yake.

Februari 2016 akaugua. Gari la bustani lilikuwepo, lakini siku hiyo lilikwenda kuchukua viti na soda za wageni wa mkuu. Alisubiri kitandani tangu asubuhi hadi jioni. Mbeya walifika amechelewa, wakakaa hospitalini wiki sita. Ambrose alikuja kumwona dada yake mara moja tu, kucha zimejaa udongo mweusi. Wakanong'onezana kwa Kikisi, lugha ambayo Angetile hakuwahi kuishika vizuri, na Kisa akacheka. Kicheko hicho ndicho cha mwisho.

Siku ya kuzika, mbele ya watu wote, Ambrose alimwambia Ezekiel: "Dada yangu amekufa akilisubiri gari lako. Mti wake hutaufaidi."

Maneno hayo hakuna aliyeyasahau. Angetile aliporudi kazini aliukuta mti uliokuwa unamfikia kifuani sasa unamfikia kiunoni. Ezekiel akamwambia mbuzi waliingia, wakala ncha. Mtu aliyetoka kuzika hapimi miti. Aliuchotea maji, akaendelea kuuchotea miaka minane. Milimani, mmoja wa ile mitatu ulichomwa mkaa, na miwili ikasombwa na maporomoko. Ikabaki Namba Saba, na kibao kikaandikwa upya.

Na sasa Namba Saba ni kisiki.

*

Ezekiel alifika saa moja na dakika kumi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Aliangalia gogo, akashika kichwa.

"Mzee Angetile! Ulikuwa wapi wewe?"

"Msibani, Mkuu. Tangu jana saa sita. Bustani nzima tulikwenda."

"Hata mimi nilikuja. Saa kumi jioni, wewe mwenyewe ulininawisha."

Ni kweli, alimnawisha. Tena mara tatu, maana Mkuu alinawa, akanusa vidole, akaomba maji tena, halafu akaomba sabuni. Angetile alidhani ni maringo tu, mtu anaona kinyaa kula na wakulima.

"Hii tezo ya nani?" Ezekiel akauliza, akiwa ameshaiokota.

"Ya Ambrose."

"Na jana msibani Ambrose alikuwepo muda wote?"

Angetile akafikiri. Ambrose alikuwepo saa sita. Saa saba hakuonekana. Saa tisa alirudi, akasema alikwenda kutafuta mti wa mpini.

"Alitoka," akasema. "Saa mbili nzima."

"Basi," alisema Ezekiel kwa upole. "Unataka nini tena, mzee? Alitamka mwenyewe makaburini. Na Ijumaa Daktari Neema, yule mtaalamu wa miti, anakuja kutoka chuo kikuu kuuona mti ukichanua. Ametuaibisha sote."

Hilo la Daktari Neema lilimchoma Angetile kuliko yote. Wiki iliyopita aliona matumba ya maua kileleni, kwa mara ya kwanza tangu mti upandwe. Aliomba simu ya mwalimu wa shule, akapiga picha, akamtumia yule daktari kwa namba iliyokuwa imebandikwa ukutani kitaluni. Jumapili daktari akampigia Mkuu kwamba anakuja kuliona ua. Angetile siku hiyo aliimba njia nzima kwenda nyumbani.

Saa mbili na nusu walimkuta Ambrose njia panda, anasubiri bodaboda ya kwenda Matema apande mtumbwi wa kwao. Vijana walikuwa wameshajaa. Habari ya mti ilikuwa imewatangulia.

"Ndiye?" wakamuuliza Angetile.

Angetile alinyoosha kidole. "Ndiye. Tezo hii ni yake."

"Shemeji!" Ambrose alipiga kelele. "Shemeji, mti wa dada nitaukataje? Tezo niliiacha ofisini kwa Mkuu! Njooni Ikombe niwaonyeshe..."

Hakumaliza. Walimlaza chini, mkono wake wa kulia wakauweka juu ya jiwe la kunolea mapanga, wakaupiga kwa kisogo cha tezo yake mwenyewe. Mara ya kwanza alilia. Mara ya tatu hakulia. Ezekiel alikuwa amesimama kivulini anaangalia saa yake. Angetile alikuwa amesimama mbele kabisa, na ukweli lazima usemwe: aliona raha.

Koplo Nsajigwa alifika na pikipiki, akapiga filimbi, akawatawanya. Ambrose akapelekwa hospitali akiwa chini ya ulinzi.

*

Jumatano saa nne asubuhi Koplo alikuja bustanini peke yake. Ni mtu mfupi, mzaliwa wa Mwaya, anaongea taratibu kama anayechambua mchele.

"Ugonile, tata," akamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, afande."

"Hebu njoo hapa kwenye kisiki. Wewe umeishi na mchonga mitumbwi. Tezo inakata vipi?"

"Inachimba. Inaacha makovu kama magamba ya samaki."

"Pitisha mkono hapa."

Angetile akapitisha mkono. Kisiki kilikuwa laini kama meza. Aliurudisha mkono kana kwamba umeungua.

"Msumeno," akasema kwa sauti ndogo.

"Msumeno. Sasa nijibu la pili. Mwizi wa mbao anataka nini?"

"Gogo."

"Gogo hilo hapo limelala. Kilichoibiwa ni matawi. Umewahi kumwona mchonga mitumbwi anaiba matawi, mzee?"

Angetile alikaa chini kwenye pumba. Jana alikuwa na saa nzima ya kuangalia kisiki kile. Aliangalia tezo.

"Saa zile mbili alikuwa wapi?" akauliza, akitafuta pa kushika.

"Kwa fundi wa jembe, Mwaya, anachagua mpini. Fundi amekubali. Lakini fundi ni ndugu yake, na mahakama haiwapendi ndugu. Kuhusu tezo, Ambrose anasema aliiacha ofisini kwa Mkuu mwezi wa nane, alipokuja kuwachongea mabenchi ya wageni. Mkuu anasema aliichukua mwezi wa tisa. Neno la mtu na neno la mtu." Koplo akasimama, akapangusa magoti. "Bosi wangu anataka Ijumaa mchana nimpeleke mtu mahakamani. Niliye naye ni huyo tu. Wewe ndiye uliyemtaja, na wewe ndiye unayeijua bustani. Una leo na kesho."

"Mkono wake je?"

"Vidole viwili wamekata. Cha shahada na cha kati. Vilikuwa unga."

Alipoondoka, Angetile alipiga magoti, akalaza uso juu ya kisiki. Ile harufu ikamwingia tena puani, nzito. Kitunguu saumu. Akamkumbuka Salma.

*

Salma ana duka la viungo na dawa za miti Kyela mjini. Magome ya miti anayanunua kwa kilo, na mwaka jana alimwomba Angetile amchunie kidogo Namba Saba, akafukuzwa. Alhamisi saa tatu asubuhi Angetile aliingia dukani kwake, kipande cha ubao wa kisiki mfukoni.

"Karibu, Mzee Angetile. Leo umekuja kununua au kunifokea?"

"Jumatatu mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nawauzia wenzako sukari ya msiba. Kwani nimekuwa mtuhumiwa? Subiri nivae mtandio mzuri basi."

"Usinichezee, mama. Mti wangu umekatwa, na aliyeukata ana mikono ya kitunguu saumu. Nani mwingine?" Akatupa kipande mezani. "Na wewe ulitaka magome yake!"

Salma alikiangalia kipande. Hakukasirika. Alikigeuza.

"Nani kachuna gome hapa? Limejaa pande zote. Wanaoniletea dawa wanachuna upande wa mawio na upande wa machweo, basi, mti unabaki hai wachune tena mwakani. Mimi nikate mti? Nile nini kesho?" Akakinusa. Akakinusa tena. Halafu akacheka mpaka akashika meza. "Wewe mzee! Miaka yote hiyo unaulilia huu?"

"Unacheka nini?"

"Hii si harufu ya mikono ya mtu. Ni mti wenyewe unanuka. Huu ni msederela! Mimi nimezaliwa Pangani, nimekulia Muheza. Kule imejaa mpaka inakera, inaota penyewe kando ya barabara kama magugu. Ukiukata unanuka hivi hivi, na mikono inanuka mpaka kesho yake, sabuni haifui dafu. Tulikuwa tunapakana kwa makusudi tukitoka shule."

Angetile alikichukua kile kipande, akakinusa mwenyewe.

"Nani alikwambia ni mti adimu?" Salma akauliza, sasa kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Angetile alikuwa hayupo tena dukani. Alikuwa Mwaya, Jumatatu, saa kumi jioni, ameshika jagi. Mtu ananawa. Ananusa vidole. Anaomba sabuni. Chakula cha msibani kilikuwa ndizi na maharage, na kitunguu saumu hakikuwepo hata punje. Na Mkuu alikuwa hajala bado.

"Muheza," alisema. "Ulisema Muheza."

*

Siku hiyo hiyo saa nane mchana alikuwa bustanini na Koplo Nsajigwa. Ezekiel alikuwa mjini kwenye kikao.

"Gari la bustani liko gereji tangu Jumamosi," Angetile alisema. "Matawi mazima ya mti hayabebwi kwa baiskeli mchana kweupe mtu asione. Hayajatoka humu."

"Na hayajachomwa. Ningeona majivu."

"Kuna choo cha zamani nyuma ya kitalu. Kilikuwa wazi miaka yote, tukiomba bati la kukifunika tunaambiwa hakuna. Leo asubuhi nimepita, kina bati jipya."

Walilifunua. Koplo alifunga pua kwa kofia. Kwa ndoana ya kuvutia ndoo za kisimani wakavuta tawi la kwanza, la pili, la tano. Majani yalikuwa bado ya kijani, na kwenye ncha za matawi matumba ya maua yamejaa kama punje za mtama. Tawi la mwisho lilikuja limenasa msumeno wa upinde wa bustani, ule unaofungiwa ofisini.

"Alitaka maua yasionekane," Koplo alisema. "Lakini kwa nini? Mtu anajivunia mti miaka kumi, siku unayochanua anaukata?"

"Tuchimbe kisiki," akasema Angetile. "Kama ni mti wa mke wangu, vigae vipo."

Walichimba mpaka saa kumi na moja. Udongo wa Ikolo ni mweusi, laini, hauna jiwe hata moja, na kigae kikiwemo hakijifichi. Hakikuwemo. Kilichokuwemo, katikati kabisa ya mizizi, kimemezwa na kubanwa kama mfupa kooni, kilikuwa kipande cha plastiki nyeusi. Kiriba. Aliyeupanda mti ule hakujisumbua hata kukichana.

Angetile alikivuta kikakatika. Miaka minane. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, na siku nyingine alikaa chini yake akiusimulia habari za nyumbani.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Daktari Neema alishuka kwenye gari, mwanamke mrefu mwenye buti za matope, na sanduku la barafu la kuwekea vipandikizi. Ezekiel alimpokea getini kwa uso wa msiba.

"Daktari, sijui nikueleze vipi. Mhalifu yuko mikononi mwa polisi."

"Yuko kweli," alisema Koplo Nsajigwa nyuma yake. "Tusogee kwenye kisiki."

Matawi yalikuwa yamepangwa pale chini, yameoshwa. Daktari Neema alichuma jani, akalipekecha, akanusa. Akapasua tumba moja kwa ukucha. Hakuchukua hata dakika.

"Msederela. Asili yake Amerika, uko kila mahali. Picha ya matumba ilinitia wasiwasi, ndiyo maana nilisema lazima nije nione ua." Akamgeukia Ezekiel. "Nilikuja kuchukua vipandikizi vya kupeleka bustani nyingine tatu, ili mti ule ukifa hapa uwe hai kwingine. Ndiyo maana ya kazi hii. Miaka minane ripoti zako zinasema mti upo salama. Upo wapi?"

"Mimi si mtaalamu wa majani, Daktari. Kama kuna aliyebadilisha..."

"Msumeno huu unakaa wapi?" Koplo akauliza.

"Ofisini. Lakini ofisi..."

"Ufunguo anao nani?"

Ezekiel alishika mfuko wa suruali.

"Jumatatu hukuja msibani mpaka saa kumi," alisema Angetile. "Mkuu wa kazi, msiba wa jirani, unakuja watu wanakula. Nilikunawisha mara tatu. Ulikuwa unanuka mti huu. Wewe umetoka Muheza, unajua sabuni haiutoi, ndiyo maana ulikuwa unanusa vidole."

Ezekiel alimwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. Halafu mabega yakashuka, na alipofungua mdomo hakuwa tena na ule upole wake.

"Ningefanya nini? Niambieni! Machi 2016, huyu yuko Mbeya na mkewe, napita asubuhi nakuta mti haupo. Umeng'olewa. Pamefukiwa, pamesawazishwa vizuri. Ripoti zilishakwenda, wageni walishapanga safari, kibao kilishaandikwa. Niseme mti umepotea mikononi mwangu? Nikaagiza mche Muheza, wa majani yanayofanana fanana. Wageni wakaja, wakapiga picha na kibao, wakala, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeushika!" Akacheka kwa pua. "Ungechanua, ningekwisha."

"Ukachukua tezo ya Ambrose ukaiweka hapa," Koplo alisema.

"Niliiweka. Ndiyo."

"Na ukaacha avunjwe mkono," alisema Angetile. "Umesimama kivulini unaangalia saa!"

"Mimi sikumgusa Ambrose. Wala si mimi niliyemtaja kwanza. Niliuliza tezo ya nani, basi." Ezekiel alimsogelea. "Kidole alikinyoosha nani, mzee? Na miaka minane nilikupa mti wa kuupenda. Ulikuwa na furaha, au nasema uongo?"

Angetile alimrukia. Koplo akawatenganisha, akamfunga Ezekiel pingu. Daktari Neema hakuwaangalia. Alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, anachekecha udongo kwa vidole.

"Mzee," aliita. "Huo mti wa kwanza mliupanda na chungu chake?"

"Na chungu chake. Kimepasuliwa."

"Ungekufa hapa, vigae vingebaki hapa. Mtu mwenye haraka angeuvuta, vigae vingebaki vilevile. Aliyeuchukua aliuchimba na donge lake lote, kigae kwa kigae. Huyo alikuwa anataka uishi."

Hapo ndipo vitu vyote vilipomwangukia Angetile kwa pamoja. Kucha zenye udongo mweusi. Kicheko cha Kisa kitandani. *Mti wake hutaufaidi.* Njooni Ikombe niwaonyeshe.

*

Ambrose aliachiwa jioni ile. Vijana wa njia panda hawakukamatwa, kwa kuwa eti hawajulikani, ingawa Angetile aliwataja wote kwa majina. Ezekiel alipata dhamana siku aliyofikishwa mahakamani. Kesi inaahirishwa, na mwenyewe yuko ofisi nyingine, ana gari.

Jumapili Angetile alikwenda Matema, akapanda mtumbwi hadi Ikombe, ametanguliza mkungu wa ndizi na jogoo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye kokoto wanafinyanga, na hakuna aliyeinua kichwa. Ambrose alikuwa mbele ya nyumba yake, karibu na mtumbwi uliochongwa nusu, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kilima kilianzia mgongoni mwa nyumba na kupanda moja kwa moja, miti juu ya miti.

Angetile alipiga magoti. Aliomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa, na kwa maneno machache ya Kikisi aliyoyakumbuka. Ambrose alimsikiliza mpaka mwisho. Mkewe akaleta maji ya kunywa kwenye kikombe cha udongo, akakiweka chini badala ya kumpa mkononi.

"Shemeji," alisema Angetile, "ule ndio wa mwisho. Daktari anasema ukifa huo, umekwisha duniani. Na ni mti wa Kisa. Mti wa Kisa uko wapi?"

Ambrose alianza kuifungua bandeji kwa mkono wa kushoto.

Daktari Neema amekipanda kilima kile mara tatu na watu wake, hajaupata. Angetile anarudi Ikombe kila mwezi, anapiga magoti palepale, anauliza swali lake lilelile. Na kila mara Ambrose anaufunua taratibu ule mkono wa vidole vitatu, anauinua mbele ya uso wa Angetile, na kumuuliza:

"Nikuonyeshe kwa kidole kipi, shemeji?"